Ukienda Bujora, mchukue bibi

Kila mwaka shule zinapokaribia kufunga, mabasi ya wanafunzi hupita hapa Igoma, jijini Mwanza, asubuhi yakielekea Kisesa. Madirisha wazi, watoto wanaimba, mwalimu amesimama mlangoni na daftari la majina. Wiki chache kabla, kila mzazi aliletewa karatasi ya mchango wa ziara, akanung'unika, akalipa. Jioni mabasi yanarudi. Ukimuuliza mtoto ameona nini huko Bujora atakujibu kwa pumzi moja: ngoma kubwa, nyumba ya nyasi, soda. Ngoma za nani? Anakutazama kana kwamba umemuuliza swali la mtihani ambalo mwalimu hakulifundisha.

Barabara hiyo hiyo ya Musoma hupitisha magari ya watalii yanayokwenda lango la Ndabaka kuingia Serengeti. Baadhi yao huchepuka Kisesa, wakapanda kilima, wakatumia nusu siku nzima wakiuliza na kuandika. Wanaokosekana katika msafara huo ni watu wazima wa hapa hapa: fundi wa kuchomelea mageti, mama lishe, mwenye duka la saruji, karani, mwalimu aliyestaafu. Tunapita Kisesa kwenda Magu kwenye misiba, tunarudi, tunapita tena. Bujora tunaisikia tu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni amekuja miaka na miaka, na mwenyeji bado hajapona.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kunipinga ajipange. Ziara ya Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora isiachiwe shule. Ni shughuli ya familia, ipangwe kwa vikao na michango kama tunavyopanga harusi na send-off, na jina la kwanza kwenye orodha ya wasafiri liwe la bibi au babu. Kumpeleka mtoto bila mzee ni kulipa kiingilio cha kutazama mbao na ngozi.

Ngoma zilizokosa ikulu

Bujora iko Kisesa, wilayani Magu, kama kilometa 20 hivi kutoka katikati ya jiji la Mwanza, na kwetu wa Igoma ni karibu zaidi. Kituo hicho kilianza miaka ya 1950 kama parokia ya Katoliki chini ya Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Wapo wamisionari waliosikia ngoma wakafunga madirisha. Clement alifungua. Aliketi na wazee, akakusanya nyimbo, mapigo, masimulizi na vyombo, na waumini wake wakamwimbia Mungu kwa sauti walizozizoea shambani. Mwaka 1968 makumbusho yakafunguliwa pale pale, jirani na kanisa.

Angalia vizuri mwaka huo. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta kisheria madaraka ya machifu. Watemi wa Usukuma, ambao watu waliwategemea kuombea mvua, kufungua msimu wa kupanda na kuamua kesi, wakawa raia kama mimi na wewe. Historia inasema mtemi aliyeshindwa mvua aliweza hata kuondolewa, kwa hiyo usidhani kilikuwa cheo cha kukaa na kula tu. Sasa cheo kimefutwa: zile ngoma za utemi ziende wapi? Viti navyo? Ngoma ya utemi haikuwa ala ya burudani, ilikuwa utawala wenyewe. Miaka mitano baada ya sheria ile, Bujora ikawa na banda kubwa lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na ndani yake ngoma hizo zikapata pa kukaa.

Mbali na banda hilo kuna nyumba ya nyasi ya mganga wa jadi, makazi ya familia ya Kisukuma, banda la mhunzi na zana zake, na jukwaa la mbao la kutolea sadaka kwa wahenga. Kuna pia banda la vyama vya ngoma, Bagika na Bagalu. Hao ndio waliokuwa Simba na Yanga wa Usukuma kabla Kariakoo haijajua mpira. Inasimuliwa kwamba vyama hivyo vilitokana na waganga wawili wa karne ya 19 waliokuwa mahasimu, Ngika na Gumha, na hadi leo kijiji kinaweza kugawanyika kwa ajili yao. Utaratibu wa ushindani wao naupenda sana: hakuna refa na hakuna alama. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na lile linalovuta watu wengi ndilo limeshinda. Ndiyo maana mmoja akaja na chatu shingoni, mwingine na fisi, wa ngoma ya bugobogobo wakaja na majembe wanayoyarusha na kuyadaka, na kila kundi likawa na dawa yake ya kuvuta watazamaji. Mashindano hayo hufanyika hapo hapo Bujora katika tamasha la Bulabo, linaloambatana na sikukuu ya Ekaristi, Mei au Juni.

Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa hapo Kisesa kuwa chifu mkuu, akapewa jina la Hangaya. Nchi nzima ilitazama kwenye runinga. Nakumbuka maswali yaliyomiminika kwenye makundi ya simu za watu wazima wa Igoma, wenye ndevu na wajukuu: ile ngozi maana yake nini? Yule mwenye mkuki ni nani? Mbona amekalishwa vile? Nyumba yenye majibu ilikuwa jirani kabisa na uwanja wa sherehe.

Bibi anajua asichoandika mtu

Ndani ya makumbusho kuna kitu kimoja ambacho kingetosha peke yake kuhalalisha safari. Ni pipa linalozunguka, limeandikwa namna mbalimbali za kuhesabu moja hadi kumi kwa Kisukuma. Si lahaja. Wavulana wadogo walikuwa na hesabu yao, wasichana yao, wachunga ng'ombe yao, wanawake yao, wazee wa kiume yao. Kila rika lilihesabu kwa maneno yake, na usipoyajua ilijulikana papo hapo kwamba wewe si wa humo.

Mwanafunzi wa ziara ya shule akifika hapo atalizungusha pipa mpaka akemewe, kisha foleni itasogea. Sasa mweke mbele yake bibi aliyezaliwa Kwimba au Maswa. Muulize, "Bibi, nyie wasichana mlikuwa mnahesabuje?" Huenda atazitaja tatu kwa mpigo. Huenda anakumbuka moja tu, tena ataibishia iliyoandikwa, aseme sisi huku kwetu hatukusema hivyo, huyo aliyeandika alimuuliza nani? Mwongozaji naye atajibu. Ubishi huo ndio ziara yenyewe. Hakuna kitabu cha darasa la tano kitakachompa mtoto nafasi ya kuona elimu ya kwao ikibishaniwa na watu wawili wanaoijua.

Tembea naye mpaka kwenye vibuyu. Mtoto wa Igoma anajua maziwa ya pakiti. Bibi ametikisa kisabo tangu akiwa binti, anajua kwa sauti tu kwamba siagi imeanza kujitenga. Mfikishe kwa mhunzi. Atawaambia kwamba jembe la chuma halikuwa la kulimia tu, liliwahi kuhesabiwa katika mahari pamoja na ng'ombe. Na hapo kuna swali ambalo nyumba nyingi hazijawahi kuliuliza: bibi yako aliolewa kwa ng'ombe wangapi? Walitoka zizi la nani, na mmoja wao aliishia wapi? Watu tunajua bei ya usajili wa mchezaji kutoka Ghana lakini mahari ya bibi mzaa baba hatuijui.

Naendelea kung'ang'ania mzee kwa sababu ya jambo ninaloliona katika nyumba zetu. Bibi anatoka Ngudu kuja kutibiwa mjini. Anakaa sebuleni kwa mwanawe wiki mbili. Runinga inaongea mchana kutwa. Wajukuu wanaingia, "Shikamoo bibi," anaitikia "Marahaba," mazungumzo yamekwisha. Akijaribu "Mwangaluka" asubuhi, mtoto anacheka au anamtazama mama yake amtafsirie. Sina ugomvi na Kiswahili, ndicho kinachonilisha. Lakini mzee ambaye hana la kuongea na mtu ndani ya nyumba anageuka kuwa hesabu: nauli yake, dawa zake, chakula chake kisicho na chumvi. Watoto wanamjua kwa gharama zake. Baba mwenye nyumba anaanza kutaja tarehe ya kumrudisha kijijini kabla daktari hajaitaja.

Pale kilimani mambo yanageuka. Mwenye shahada anauliza, asiyejua kusoma anafundisha. Penye wazee hapaharibiki neno, tunasema misibani na kwenye posa, halafu tunawaacha nyumbani siku ya elimu.

Na kuna zito zaidi, ambalo kwa kanda hii ni aibu kulipita. Vikongwe wameuawa Usukuma. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, wanawake wazee walikatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi uliotajwa mara nyingi ulikuwa macho mekundu. Macho yale yalikuwa yameungua kwa moshi wa miaka hamsini wa kupikia kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Nyuma ya tuhuma mara kadhaa kulikuwa na shamba ambalo mtu alitaka kulirithi upesi. Sidai kwamba tiketi ya makumbusho inazuia panga. Ninachosema ni kwamba bibi anayetuhumiwa huwa tayari ameshakuwa mgeni katika ukoo wake. Hakuna mjukuu anayejua alikuwa msichana wa namna gani, alicheza ngoma gani, alikuwa Mgika au Mgalu, alicheka nini. Mtu asiye na historia ndani ya nyumba ni rahisi kupewa historia na adui yake.

"Lakini hayo si ya shetani?"

Nimeambiwa hivyo zaidi ya mara moja, tena na watu ninaowaheshimu. Nyumba ya mganga? Jukwaa la sadaka za wahenga? Mimi nimeokoka, siwezi kumpeleka mwanangu huko.

Ndugu yangu, makumbusho hayo yamo ndani ya eneo la kanisa, yalianzishwa na padri, na misa inasomwa pale. Hakuna anayekuomba upige magoti mbele ya jukwaa. Unaoneshwa kwamba babu yako, kabla hajasikia Injili, hakuwa anaishi gizani kama mnyama. Alikuwa na namna ya kushukuru, ya kuogopa, ya kuwakumbuka waliotangulia. Na kama unaona njia ile ilikuwa na makosa, utamweleza vipi mtoto makosa ya kitu ambacho hajakiona? Mzazi anayeogopa nyumba ya mganga iliyo tupu mara nyingi ndiye anayeogopa zaidi mganga aliye hai mtaani, na hilo tunalijua hata tusipolisema kanisani.

Kuna wanaosema kila kitu kipo kwenye simu. Kipo, cha dakika moja, na muziki juu yake.

Wengine wanasema wao si Wasukuma. Kweli, Igoma ni ya wote: kuna Wakurya, Wahaya, Wajita, Wakerewe, Waha. Mleteni bibi yenu vile vile. Mama wa Kihaya akisimama mbele ya kiti cha mtemi ataanza kukuambia habari za Mukama bila kuombwa.

Wasami na kofia yenye pembe

Mbali sana kaskazini, nchini Finland, katika kijiji cha Inari ambako katikati ya majira ya baridi jua halichomozi kwa wiki kadhaa, kuna jumba linaloitwa Siida. Ni makumbusho ya Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini ya Ulaya, wavuvi na wafugaji wa kulungu wa theluji. Ukipanga safari ya kuona asili na utamaduni wa Aktiki, Siida itakuwa katika majina ya kwanza utakayopewa. Mwaka 2024 ilipata tuzo ya makumbusho bora ya mwaka barani Ulaya.

Siwataji kwa sababu ya tuzo. Wasami nao walipitia yetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili watoto wao wengi walilelewa katika mabweni ya shule ambako lugha ya nyumbani haikuwa na nafasi, na wengi wakarudi likizo wasiweze kuzungumza sawasawa na bibi zao. Vyombo vyao vilikuwa vimeshachukuliwa na watafiti kupelekwa mijini. Mwaka 2021 Makumbusho ya Taifa ya Finland, yaliyoko Helsinki, yaliwarudishia vitu zaidi ya 2,000.

Kati ya vitu ambavyo makumbusho ya Ulaya yalivihifadhi ni kofia ya wanawake wa Kisami yenye kitu kama pembe kisogoni. Iliacha kuvaliwa karne ya 19. Inasimuliwa kwamba wahubiri walisema shetani anakaa ndani ya ile pembe. Unaona? Hata barafuni shetani alipewa nyumba katika vazi la bibi wa watu. Katika miaka ya karibuni wanawake wa Kisami wamezichunguza kofia zilizobaki makumbusho, mshono kwa mshono, wakajifunza upya kuzishona, na sasa wapo wanaozivaa. Lakini walilazimika kujifunza kutoka kwenye kitu kisichosema, kwa sababu bibi wa mwisho aliyeijua alikuwa amekufa zamani. Walihesabu matundu ya sindano ili kubahatisha mkono wake ulikwendaje.

Sisi bado tunaye. Yuko Ngudu, yuko Malya, yuko Nassa, anasubiri mtu amtumie nauli.

Furu wako Leiden

Siida inanifundisha jambo jingine. Pale asili na utamaduni viko chini ya paa moja: mnyama, hali ya hewa, chombo cha mfugaji na wimbo wake. Sisi Mwanza tumevitenga. Wanyama tunawaona kisiwani Saanane, samaki tunawaachia watafiti wa Nyegezi, ngoma ziko Bujora. Mtoto anatoka akidhani utamaduni ni kucheza na mazingira ni somo la shuleni.

Chukua furu. Watu wazima wa kando ya ziwa hili wanawakumbuka: samaki wadogo, madume yao yenye rangi za kung'aa, jike anabeba mayai na watoto mdomoni. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za jamii hiyo, na kila aina na chakula chake. Wengine walikwangua mwani wa kwenye mawe, wengine walivunja konokono, wengine waliishi kwa kuwanyang'anya akina mama watoto walio mdomoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuja Mwanza mwaka 1977 kuwasoma. Walipokuwa bado wanawapa majina, sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, akafurika katika Ghuba ya Mwanza miaka ya 1980 na kuwameza. Wataalamu wanakadiria kwamba aina kama 200 zilitoweka. Sangara alileta viwanda vya minofu na ajira, sikatai, nyumba nyingi za Igoma zimejengwa kwa fedha zake. Lakini leo ukitaka kuwaona furu wa ghuba hii kwa wingi wao wa zamani, nenda makumbusho ya Leiden, wamo kwenye chupa za spiriti.

Aliyebaki na furu hai ni bibi wa Igombe au Kayenze, kichwani mwake. Anajua yupi alikuwa mtamu, yupi alikaushwa, yupi mtoto alikatazwa kula. Banda la kumbukumbu hiyo bado halijajengwa mahali popote.

Au chukua ngitili. Msukuma wa zamani alifunga sehemu ya malisho wakati wa mvua, akaizuia mifugo isiguse mpaka kiangazi kikali kifike. Misitu ya Shinyanga ilipokatwa ili kuua mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, ardhi ikabaki uchi. Mwaka 1986 serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ilikuja na miche ya vitalu. Kilichorudisha msitu kwa maelfu na maelfu ya hekta ni ile desturi ya wazee ya kufunga malisho na kuacha visiki vichipue vyenyewe. Elimu ya aina hiyo haikai ndani ya kabati la kioo. Inatembea na mzee, na njiani kwenda Kisesa atakuonyesha mti na kukuambia unaitwaje na unatibu nini, wewe ukidhani ni kichaka tu.

Kikao cha maandalizi

Basi tukae kikao. Ya kwanza ni fedha, maana mkono mtupu haulambwi. Familia ya Igoma ikipata mchumba inaunda kamati, inachapisha kadi, inaahidi, inadaiana, na kwa wiki chache inakusanya mamilioni ya kula siku moja. Ziara hii haihitaji hata kadi. Ni nauli, viingilio na chakula. Pigeni simu kituoni mapema muulize viingilio vya wenyeji na vya watoto, na kama mnataka kuoneshwa ngoma, semeni kabla, kwa sababu wachezaji huitwa kutoka majumbani mwao na ni haki yao kulipwa. Kwa wenye makumbusho nina ombi moja: mzee aliyekuja na mjukuu aingie bure, na akikubali, maneno yake yarekodiwe kabla hajatoka getini. Hasara ya kiingilio chake ni ndogo kuliko atakachoacha.

Siku: Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawasha miamba. Jumapili watu wana ibada. Bulabo msiianze nayo. Ni siku kubwa, ina raha yake, ila kwa umati ule bibi hatasikika na mtoto atapotea. Nendeni kwanza siku tulivu, Bulabo mtaifurahia zaidi mkishajua nani Mgika nani Mgalu.

Bibi anayetoka Sengerema safari yake imekuwa fupi. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hasubiri tena kivuko, na akifika Usagara anaweza kuchukua barabara inayotokea Kisesa bila kuingia katikati ya mji. Alale kwenu Ijumaa usiku. Watoto wapewe kazi, kila mmoja aandae swali lake la kumuuliza, na lisiwe "bibi zamani mliishije", hilo halijibiki. Waulize kitu: hiki kinaitwaje, nani alikitengeneza, ulikitumia lini mwisho? Simu mnazo, rekodini sauti yake. Picha mtapiga baadaye.

Mkiondoka Igoma, piteni kwanza makaburini kwetu hapa, kwenye mnara wa waliokufa na MV Bukoba. Watoto wengi wa mtaa huu wamezaliwa baada ya Mei 21, 1996, wanapita kando yake wakienda shule bila kujua kwa nini makaburi yale yamepangwa safu kwa safu. Bibi anajua alikuwa wapi habari ile ilipofika. Mwacheni aseme kama anataka. Asipotaka, someni kibao, mwende zenu.

Chakula bebeni matobolwa, michembe na karanga. Chipsi za Igoma zitawasubiri. Bibi akisema michembe ya dukani haikukaushwa vizuri, mwandikie na hilo.

Kutoka stendi ya Kisesa mpaka Bujora ni kupanda. Bodaboda itamfikisha upesi, lakini magoti ya miaka themanini hayapandi bodaboda. Kodini bajaji, mpatane kabisa na bei ya kusubiri, tena mpatane ya saa nyingi, kwa sababu bibi akishaanza kubishana na mwongozaji kwenye lile pipa la kuhesabia hamtaondoka saa mliyopanga.